Nimeandika sura ya kwanza mara 11

Wasee, hakuna wiki inapita bila mtu kuniuliza: kitabu kinatoka lini? Mwaka jana nilisema Desemba. Desemba ikapita. Nikasema Pasaka. Sai nimeacha kusema.

Kwa wenye mmefika hapa leo: nina riwaya. Rasimu ya kwanza niliimaliza, yote kwenye simu, nikampa dada yangu asome. Alichukua siku mbili. Akaniambia, "Hadithi iko sawa, lakini huyo mama si mtu. Ni picha ya kalenda." Nilicheka, halafu nikakasirika wiki nzima, halafu nikaanza kuandika upya.

Kazi yangu ni saiba hapa Kibabii. Ninawachapia wanafunzi miradi yao ya mwaka wa nne, mimi niliyeachia mwaka wa pili. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, nasaidia watu kujaza fomu za HELB. Jioni narekodi video. Usiku ndio naandika, kama stima iko. Ikipotea, naandika mpaka simu ifike asilimia tano, halafu nalala na nusu ya sentensi kichwani.

Kwa hivyo nilikuwa nimeamini shida ni wakati na motisha. Nilijaribu kila kitu mlichoniambia. Kuamka saa kumi alfajiri. Maneno 500 kwa siku. Kuweka simu mbali (nimesema naandika na simu, lakini sawa). Na hakosi mtu wa kunitumia ile hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o, vile alikuwa kizuizini Kamiti mwaka wa 1978 na akaandika Caitaani Mutharabaini kwa karatasi ya choo. Ni kweli, na mzee namheshimu. Lakini kuna sehemu watu huiruka: askari jela walimnyang'anya hizo karatasi, wakakaa nazo kwa muda kabla ya kumrudishia.

Mimi hakuna aliyeninyang'anya kitu. Juzi nilihesabu faili. Sura ya kwanza nimeiandika mara 11. Ya pili mara nne. Ya saba sijaigusa hata mara moja.

Sura ya saba ndiyo kijana anamwambia mamake ameacha chuo. Kwenye rasimu ya zamani mama analia, anamkumbatia, anasema Mungu atafungua mlango mwingine, na mvua inaanza kunyesha. Ukurasa mmoja na nusu, kwisha.

Vile ilienda kwa ukweli ni hivi. Mama aliuza ng'ombe ili nilipe karo. Nililipa nusu. Nusu ile nyingine nikanunua simu, hii hii, nikijiambia video zitarudisha pesa kabla ya mitihani. Hazikurudisha. Semista mbili nilikuwa namuaga nikisema narudi chuo, kumbe narudi saiba. Mwishowe Novemba moja nikapanda matatu kwenda Kitale. Kamukuywa, Kiminini, njia yote narudiarudia maneno. Nikampata ameketi kwa gunia akipukuchua mahindi. Nikamwambia.

Hakulia. Aliendelea kupukuchua. Gunzi moja likaisha, akachukua lingine. Kisha akauliza, "Sasa papa, yule ng'ombe ulimpeleka wapi?"

Nikamwonyesha simu. Alipangusa mikono kwa leso, akaishika, akaigeuza nyuma, akanirudishia. "Ni nyepesi," akasema. Tulikunywa chai ya rangi.

Hiyo ndiyo nimekuwa nikikimbia nikiita kukosa motisha. Ken Walibora, ambaye alikulia huko kwetu Trans Nzoia, alimtoa Kongowea Mswahili Tanga akamleta mpaka Kitale kumtafuta baba yake. Siku Njema ilitoka 1996, na nilipoisoma nikiwa shule nilishangaa kuona Kitale ndani ya kitabu. Mimi safari yangu ni ya asubuhi moja tu na nauli najua, na bado kwenye karatasi nimeikwepa mwaka mzima. Naboresha sura ya kwanza. Nabadilisha rangi ya lango.

Jumapili nilianza ya saba. Aya tatu. Nikakwama kwa bei ya ng'ombe, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Nikampigia mama.

"Unataka kujua ya nini?"

"Ni ya kitabu, mama."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia kuku nyuma yake. Akanitajia bei, akaniambia na jina la yule ng'ombe, ambalo nalijua, na nimeamua halitakuwa kwenye kitabu. Nikadhani amemaliza, nikashukuru, nikataka kukata.

"Andika pia," akasema, "alikuwa na mimba."

Hiyo sikuijua. Zile aya tatu nimezifuta.