Mwalimu, Mikono Yako Iko na Rangi Mbili

Mwezi huu naandika juu ya ngozi na uzee. Najua wengine mtasema mwalimu ameishiwa maneno: watu wanafikiria posho, yeye anaongea habari za kujipamba. Nivumilieni kidogo. Mambo haya yameingia ndani ya mahema yetu, na mimi mwenyewe yamenishika.

Mwaka jana nilikuwa naandika ubaoni hapa Kuluba. Mtoto mmoja wa wale wadogo alinishika mkono, akautazama, akauliza kwa sauti: "Mwalimu, juu ya nini mikono yako iko na rangi mbili?" Darasa zima likacheka. Mimi pia nikacheka, lakini usiku sikulala, kwa sababu mtoto alisema kweli. Miezi mitano nilikuwa napaka mafuta ya kopo lisilo na jina wala anwani, nililonunua sokoni kwa shilingi 6,000. Uso uling'aa. Vifundo vya vidole vikakataa, vikabaki vyeusi. Ndiyo ile watu wanaita uso Fanta, miguu Coca-Cola.

Nilianzaje? Nilimwiga mama mdogo wangu. Mume wake alibaki ng'ambo, halafu tukasikia ameoa msichana mweupe. Mama mdogo hakulia mbele yetu. Alinunua rangi ya nywele kuficha mvi, akanunua na mkorogo. Wakati huo mgao ulikuwa umeshapunguzwa, na kila mama anajua tulivyokuwa tunahesabu kikombe kwa kikombe. Yeye aliuza maharagwe ya nyumbani apate pesa ya kopo. Watoto walikula ugali na chumvi. Mimi nilijua, nikanyamaza, maana kopo tulikuwa tunatumia wote wawili.

Msimu wa mvua alijikata na jembe mguuni. Kidonda kidogo tu, lakini wiki ya sita kilikuwa bado wazi. Muuguzi alimwita pembeni, akamwuliza polepole: "Mama, unapaka nini?" Hakumfokea. Alitueleza, na yale aliyotueleza ndiyo nataka kila nyumba iyajue.

Mikorogo mingi ina vitu vitatu vya hatari. Cha kwanza ni zebaki, ambayo huingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo. Mama mwenye mimba anaweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Cha pili ni haidrokwinoni. Ukiipaka muda mrefu inaweza kugeuka, ngozi ikawa na mabaka meusi ya bluu yasiyotoka. Cha tatu ni dawa kali za steroidi, ambazo daktari hutoa kwa magonjwa ya ngozi na kwa muda mfupi. Ukizipaka kila siku ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, inapasuka mistari, na kidonda kinachelewa kupona. Yaani unayetaka kuonekana kijana, ngozi yako inazeeka kabla ya siku zake.

Serikali nazo zimeona. Rwanda ilianza msako mkali madukani mwishoni mwa 2018. Nchi zilizotia sahihi Mkataba wa Minamata wa 2013, ambao unahusu zebaki, zilikutana Geneva mwaka 2023 zikakubaliana kwamba kipodozi chochote kilichotiwa zebaki, hata kidogo, mwisho wake uwe 2025. Lakini Koboko tuko mahali nchi tatu zinapokutana, na kopo halina pasipoti. Mlinzi wa kwanza ni wewe mwenyewe.

Sasa, tunaomwamini Kristo tuseme nini? Kijana mmoja wa kwaya aliniambia kila anayebadilisha mwili anamkosoa Mungu. Hapo sikubaliani naye. Hospitali ya CoRSU, pale Kisubi kwenye barabara ya Entebbe, madaktari wanawapasua watoto wenye midomo iliyopasuka na wale walioungua moto, ili waweze kula, kusema na kucheka. Bukavu, Daktari Denis Mukwege, ambaye pia ni mchungaji, alianzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999. Hapo wamewatengeneza tena maelfu ya wanawake walioharibiwa na vita, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Nani atasema hiyo ni dhambi? Yesu mwenyewe aliunyoosha mkono uliopooza. Kama umeungua, kama mtoto wako amezaliwa na mdomo uliopasuka, usione haya, nenda kituo cha afya uulize.

Lakini kurudisha kilichoharibika ni jambo moja, na kuchukia kilicho kizima ni jingine. Matajiri wanalipa pesa nyingi wavutwe uso mikunjo ipotee. Sisi hatuna pesa hiyo, lakini hofu ni ile ile: hofu ya kuachwa. Na dawa ya hofu hiyo haiuzwi kwenye kopo. Mume anayeondoka kwa sababu ya mvi, hata ukipaka mwaka mzima ataondoka. Wanaume, na ninyi someni hapa: neno moja la dharau mezani linaweza kumpeleka mama sokoni kununua sumu.

Someni pamoja Methali 16:31, mvi zinaitwa taji. Someni Walawi 19:32, tunaambiwa tusimame mbele ya mwenye mvi. Na 1 Petro 3:3-4, Petro anatukumbusha pambo la ndani. Hakukataza mtu kuoga na kusuka nywele. Alisema usiweke thamani yako hapo.

Bibi yetu alimaliza mjadala nyumbani. Siku ya kuhakikiwa, mashine ilikataa kusoma vidole vyake. Jembe lilikuwa limeshakula alama zote. Mama mdogo akaona aibu, akataka kumwombea radhi. Bibi akamwambia: "Acha. Hivi vidole ndivyo vilikulisha wewe. Waandike jina langu, wataniona kwa uso." Mama mdogo alitazama chini muda mrefu. Jioni ile kopo lilitupwa chooni, lake na langu.

Leo mvi zake ziko wazi, na kidonda kimefunga, ingawa kovu limebaki. Mume hajarudi, sitawadanganya. Lakini maharagwe yanabaki chunguni. Mikono yangu inarudi rangi moja polepole, na darasani nimewaeleza watoto sababu.

Kama unatumia na unataka kuacha, usione haya. Mwone muuguzi kwanza, maana ukiacha ghafla ngozi inaweza kuwasha na kuvimba. Anayenyonyesha na mwenye mimba, usingoje kesho. Wazee wetu, msijifiche. Wahenga walisema utu uzima dawa, na huku ugenini tunaihitaji sana dawa hiyo.

Mungu azibariki familia zenu. Tuonane mwezi ujao akipenda.

Mwalimu wenu wa kujitolea, Kuluba