Mstari Mtupu Katika Programu: Neno Juu ya Usahihishaji

Miongoni mwa mambo yanayomtatiza mwalimu anayeanza kufundisha uandishi wa programu za kompyuta ni nafasi. Katika lugha ya Python, aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991, nafasi ni za namna mbili, nazo yafaa zitofautishwe mapema. Nafasi iliyo mwanzoni mwa mstari ni sarufi: ikikosewa, kompyuta hukataa programu au huielewa vingine. Mstari mtupu ndani ya faili hauibadilishi kazi ya programu. Upo kwa ajili ya msomaji.

Mfano mwema ni mistari ya kuingiza moduli, ambayo aghalabu huanza na neno import. Mwongozo uitwao PEP 8, wa mwaka 2001, huagiza mistari hiyo ikae juu ya faili kwa mafungu matatu: kwanza moduli za maktaba sanifu, kama math na random, pili zilizotungwa na watu wengine, kama numpy, tatu zetu wenyewe. Baina ya fungu na fungu huachwa mstari mtupu. Hivyo msomaji hutambua mara moja yaliyokuja na lugha, yanayomlazimu kuyaweka kwanza katika kompyuta yake, na yaliyotungwa na mwandishi.

Tumepata kuona wanachuo wawili wakileta programu za kukokotoa wastani wa alama za darasa. Zote zilitoa majibu sahihi, wala hazikuwa na mstari mtupu hata mmoja. Msahihishaji mmoja alitoa alama zote. Mwenzake alikata nusu. Aliyekatwa alirudia hesabu yake mara nyingi akitafuta kosa lisilokuwepo, hatimaye akatuuliza, "Mwalimu, wastani wangu una kasoro gani?" Swali lake lilikuwa la haki.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, kanuni itangazwe kabla ya zoezi, pamoja na sababu yake. Wape wanafunzi faili lililobanana, kisha lile lile likiwa limepangwa, waseme lipi lasomeka upesi. Pili, alama za mpangilio zitengwe na alama za usahihi, kama tutengavyo mwandiko na hoja katika insha. Tatu, penye kompyuta, uchunguzi wa nafasi hizo uachiwe programu kama isort, ambayo hupanga mafungu bila upendeleo wala uchovu. Kalamu nyekundu ya mwalimu ishughulikie fikra.

Wapo wadhanio kuwa kusisitiza mstari mtupu ni kumbana mtoto. Sisi twaona kwamba kanuni moja, ifuatwayo na walimu wote wa shule, humwondolea mtoto mashaka. Kanuni inayogeuka kila anapoingia mwalimu mwingine humfundisha kubahatisha. Kabla hujakata alama, ndugu mwanachuo, jiulize: hapa mwanafunzi amekosa hesabu, au amemsahau msomaji? Kisha mwandikie jibu hilo pembeni mwa kazi yake.