Mpingo wa babu

Najua nimekuwa kimya kitambo. Nilikuwa nafuatilia habari moja ambayo gazeti haliwezi kuichapa, kwa sababu wahusika wote ni ndugu zangu.

Nyumba ya babu iko Temeke. Au niseme ilikuwa Temeke. Nyumba ya Kiswahili kabisa: vyumba sita, korido katikati, uani jiko na choo. Warithi wameiuza, mnunuzi kaibomoa, na kilichobaki mikononi mwa ukoo ni fremu ya mlango wa mbele. Nyeusi tii, nzito, umri wake umempita baba. Tangu niko mdogo nilikuwa naambiwa ile ni mpingo.

Baba akaichukua, akaiweka kwetu. Shangazi akapata habari. Kwa shangazi, hapo kaka mtu alikuwa ameondoka na dhahabu, maana bei ya mpingo kila mtu anaisikia, Wazungu wanatengenezea klarineti. Kuanzia siku hiyo simu za baba akawa hapokei. Yaani watu wazima wawili, waliolala korido moja utotoni, hawasalimiani kwa ajili ya fremu.

Nikapewa kazi ya kuamua, kigezo kikiwa kwamba mimi ndiye niliyesoma. Ukweli ni kwamba pale chuo hakuna aliyenifundisha mbao. Nikakodi guta, tukapakia fremu, safari ya Keko. Kwa mambo ya samani hapa Dar, usipoanzia Keko utaanzia wapi?

Fundi niliyemkuta anakereza miguu ya vitanda. Aliitazama fremu ikiwa bado juu ya guta, akacheka.

“Mwandishi, mpingo wa mita mbili, umenyooka kama rula? Nionyeshe huo mti na mimi niuone.”

Akaniketisha kwenye gogo, darasa likaanza. Mpingo ni mti mdogo, unakua taratibu mno, mara nyingi umepinda na ndani una nyufa. Unakupa vipande vifupi, ndiyo maana unaenda kwenye vinyago na vyombo vya muziki, si kwenye milango. Na weusi je? “Weusi hata kiwi inatoa,” akasema.

Akapitisha randa mara moja tu. Chini ya ule weusi ikatokea rangi ya kahawia, na harufu ya gereji. Oili chafu! Nikakumbuka: kila mwaka babu alikuwa anaipaka kuzuia mchwa. Akakata kipande cha mwisho wa mbao, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kikaelea. Mita moja ya ujazo ya mpingo mkavu inakaribia kilo 1,200, na ya maji ni kilo 1,000, kwa hiyo mpingo huzama. Kesi ya shangazi ikaishia ndani ya ndoo.

Sasa kama si mpingo, ni nini? Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mbao ya kuokota ni kama shahidi mwongo, inabidi uivue nguo kwanza. Alianza na sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu, akaipitisha mbao yote kutafuta misumari iliyozama, maana mmoja tu ukikutana na patasi mashine ikiwa inazunguka, unaweza kupoteza jicho. Tukatoa misumari saba.

Halafu akakata ndani zaidi, pasipofikiwa na oili. Msaji, mti ulioletwa na Wajerumani na ambao sasa una mashamba kule Longuza na Mtibwa, una utelezi wa mafuta na harufu kama ya ngozi. Hii haikuwa hivyo. Mninga una michirizi ya kahawia na ni mtulivu kwenye randa. Hii ilikuwa na nyuzi zinazogombana, ukiranda huku zinanyanyuka kule. Akaiweka kwenye mashine. Dakika ya tatu patasi ikasema kwaa! Makali yakaliwa. Alipozima, tukaona doa jeupe kama chokaa.

“Mvule,” akasema. “Unatengeneza mawe tumboni.” Na kweli, mvule huhifadhi chokaa ndani ya mbao yake.

Jirani yake akaja, akachungulia, akasema huo ni mkongo, tazama huo unga kwenye vitundu. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mimi mwandishi, vyanzo viwili vikigongana siandiki. Ukitaka hukumu, kuna watu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wanaoangalia mbao kwa hadubini. Ila nilichotumwa kuuliza ni kama ni mpingo, na kwa hilo wote wawili walisema hapana.

Nilikuwa nataka nikerezewe vinu vidogo vya kutwangia vitunguu saumu. Fundi akakataa katakata. Mbao iliyokunywa oili miaka yote hiyo haigusi chakula, pesa yako kaa nayo. Akanipa na kitambaa nifunge puani, kwa sababu vumbi la mvule linawasha na kubana kifua. Tukakubaliana vinara vya mishumaa. Kwa umeme wetu huu, havitakosa kazi.

Jioni nikampigia shangazi. Yangu alipokea.

“Shikamoo shangazi. Si mpingo.”

Kimya.

“Marahaba. Una uhakika?”

Nikamweleza habari ya ndoo. Kimya tena. Halafu akaniuliza kama upande wa kulia nimeliona tundu la msumari, usawa wa kichwa cha mtu mzima. Nilikuwa nimeliona. Ndio ule msumari wa saba.

“Hapo ndipo baba alipokuwa anatundika kofia yake akirudi kazini,” akasema. “Kata nne, kila mtoto wake apate. Mimi nipe chenye tundu.”

Nikamuuliza kama nimwambie baba apige simu.

“Mwambie avilete yeye mwenyewe.”

Vinara vitakuwa tayari Ijumaa. Baba ameshaniuliza mara mbili gari la kwa shangazi linapandiwa wapi siku hizi.