Siku Niliyoacha Kulinda Mikoba

Wale waliokuta mlango wa duka umefungwa ile wiki baada ya Iddi kubwa, na simu yangu inalia bila ya kupokewa, nawaomba radhi na leo nawaeleza nilikokuwa. Nilikuwa Dar es Salaam, Kunduchi, nateleza kwenye mabomba ya maji pamoja na wanangu. Ndiyo, mie huyu huyu mnayenijua.

Matembezi haya watoto walikuwa wakiahidiwa tangu mkubwa hajaanza skuli. Kila mwaka huahidiwa, na kila mwaka huliwa na kazi. Anayeshona anajua. Kuanzia nusu ya Ramadhani huna usiku wala mchana, Iddi ikipita zinaanza harusi, na kabla hujanyoosha mgongo Iddi kubwa imeshafika. Watoto wa watu wanavaa nguo nilizoshona mie, wangu wanapelekwa na baba yao kupanda bembea Kariakoo, ile yetu ya Unguja, na mie nimelala chali kwa uchovu nasikia muziki wa sikukuu kwa mbali.

Safari hii nilichukua kopo tupu la biskuti nikaliweka chini ya meza ya kukatia. Kila Alkhamisi natumbukiza shilingi 5,000, wiki iwe nzuri au mbaya. Kuna Alkhamisi nilizokopa kutoka pesa ya uzi ili nitimize. Kufika mwezi wa sita mlikuwa na 120,000, baba watoto akaongeza nauli ya boti, na wifi yangu anayekaa Tegeta akasema tusithubutu kufikiria nyumba ya wageni na yeye yupo hai.

Nilipowatangazia watoto, wavulana wawili walirukaruka mpaka jirani akagonga ukuta. Binti yangu, ambaye ana miaka 12, akasema taratibu tu, "Mie nitakaa na wewe mama, tulinde mikoba."

Mwaka huu amevunja ungo. Ameanza kujistiri mwenyewe, bila ya kusukumwa, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mwaka jana tu mtoto huyu alikuwa hatoki baharini mpaka vidole vimekunjana. Nikamuuliza kwa nini hataki kuingia. Akanitazama kama nimeuliza jambo la kijinga. "Kwani wewe unaingia? Wanawake wakubwa hawaingii."

Sikumjibu. Nilikuwa napachika lulu kwenye gauni la mtu, nikaendelea kupachika. Ila nendeni pwani yoyote ya Unguja siku ya mapumziko mtaona alichokiona yeye. Wanaume na watoto wamo majini, sie tumekaa chini ya mivinje na birika la chai, viatu vya watu na mikoba. Mtoto wa kike anaingia maji mpaka mwaka fulani, halafu siku moja anahamia kwenye mkeka.

Na mie nina jambo langu na maji. Tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama usiku mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama wa tumbo moja, alikuwemo. Alikuja kula Iddi kwetu, akachelewa kurudi kwa sababu yangu, maana nilikuwa na mimba changa na natapika mchana kutwa, na yeye ndiye aliyekuwa akinipikia uji. Mimba yenyewe ni ya huyu huyu binti. Mama mdogo hatukumpata. Tulisoma hitima bila ya kaburi. Tokea siku ile mama yangu ana amri moja kwa kila mtoto wa nyumba yetu: maji yasikuvuke kifundo cha mguu.

Watu hawapendi kusikia mtu mzima anasema anaogopa. Kwa hiyo nikajifunza kusema mengine. Naona haya. Nguo itanishika mwili. Pana wanaume pale. Yote ni maneno ya kweli na mwanamke ana haki nayo, lakini kwangu mie hayakuwa ndiyo sababu. Sababu ilikuwa hofu, nami nimeivalisha baibui ili asiwepo wa kuiuliza. Sasa mwanangu, ambaye maji hayaogopi hata kidogo, alikuwa anarithi lile baibui.

Usiku ule nikaanza kushona nguo mbili za kuogelea. Moja yake, moja yangu.

Hapa mniruhusu niingie kidogo kwenye ufundi, khasa nyie mabiharusi mnaokwenda fungate hotelini na kuniletea pamba mnasema "nishonee ya kuogea". Pamba hapana. Pamba ikiingia maji inakunywa, inakuwa nzito kama gunia, inakuvuta chini na ikitoka inakuganda mwilini mpaka stara yote imepotea. Pahala pengi pa michezo ya maji hawakuruhusu hata kuingia nayo. Kinachotakiwa ni kitambaa cha nailoni au poliesta chenye kuvutika, kile kisichokunywa maji na kinachokauka upesi. Chagua rangi ya kiza, bluu ya usiku au nyeusi, na usijidanganye na rangi za maziwa. Mshono uwe wa zigizaga na sindano iwe ile ya vitambaa vya kuvutika, kwa sababu mshono ulionyooka utakatika mara ya kwanza unaponyoosha mguu. Halafu ijaribu nyumbani. Nilivaa yangu bafuni usiku wa manane nikajimwagia ndoo nzima ya maji, nikasimama mbele ya kioo natiririka, baba watoto akabisha hodi kuuliza kama kuna mtu anaumwa.

Vazi lenyewe la namna hii si la zamani. Mwenye kulibuni ni Aheda Zanetti, mwanamke aliyezaliwa Lebanon akakulia Australia. Wazo lilimjia alipomtazama mtoto wa nduguye akicheza netiboli na hijabu yake na nguo chungu nzima, na mwaka 2004 akatoka na vazi la kuogelea alilolipa jina la burkini. Naipenda hadithi hii kwa sababu imeanza pale pale ilipoanza yangu, kwa mtoto wa kike na nguo inayomzuia kucheza.

Tulivuka mwezi wa sita, kusi limeshika. Anayejua bahari ya kusi hahitaji kuelezwa. Boti ilikuwa inapanda na kushuka, watu wanapewa mifuko, mie nimefumba macho nasoma kila dua ninayoijua na kurudia. Binti yangu alinishika mkono mwendo wote. Hajawahi kuniuliza kwa nini mkono wangu huwa wa baridi ndani ya boti, na siku ile pia hakuuliza.

Kunduchi tulikwenda Jumatano, tukafika mapema watu bado wachache. Najua wapo watakaoniuliza kuhusu mchanganyiko wa wanawake na wanaume, na wana haki ya kuuliza. Pahala pale ni pa watu wote. Sie tulichagua siku ya kazi na asubuhi, nguo zetu pana zinafika magotini juu ya suruali, na tulikaa upande wa familia zenye watoto. Pengine pana siku za wanawake peke yao, ulizeni kabla hamjatoka nyumbani, na ambaye moyo wake hautulii asiende. Mie nasimulia nilivyofanya, sitoi fatwa.

Nilipompa binti yangu mfuko wenye nguo yake aliufungua, akainusa kama anavyonusa kitambaa kipya tangu mtoto mchanga, akauliza, "Na yako iko wapi?" Nikafungua mkoba nikamwonesha. Hakusema kitu. Alikwenda kubadilisha mbio mpaka akavaa ushungi kinyume.

Wavulana hatukuwaona tena mpaka walipopata njaa. Wifi, ambaye ana goti baya, alikaa kivulini akasema leo mikoba ataitazama yeye. Mie nikaingia kwenye bwawa la watoto wadogo, maji ya magotini, nikakaa humo kama bibi kizee anayechemsha miguu. Nilikusudia nikae hapo mpaka adhuhuri. Binti yangu alikuwa ameshapanda ngazi mara tatu. Kila akishuka anapotea kwenye maji, na kila akipotea moyo wangu unasimama mpaka kichwa kitokeze. Mara ya nne alikuja akasimama mbele yangu, maji yanamchuruzika kwenye ushungi, akasema, "Mama, lile fupi. Mara moja tu. Chini nimesimama, maji hayanifiki shingoni."

Ngazi zile nilizihesabu, zilikuwa 22. Kule juu upepo unapiga, kijana mlinzi ananiambia nikae, nilaze mgongo, nikunje mikono kifuani. Nyuma yangu wamepanga mstari watoto wa miaka saba wananisubiri. Nikasoma shahada kwa sauti, mtoto wa nyuma naye akaisoma, nikajiachia.

Sitowadanganya kuwa ilikuwa raha. Nilipiga ukelele mmoja tokea juu mpaka chini, maji yakaniingia puani, nikazama, na kwa muda wa kuhesabu mbili sikujua juu ni wapi. Hapo nilimuona mama mdogo. Si sura yake, nilikumbuka harufu ya uji wake wa pilipili manga. Halafu miguu yangu ikagusa chini, nikasimama. Maji yalinifika kifuani. Nilibaki nimesimama naangalia yalipofika, watu wananipita huku na huku, binti yangu ananipigia makofi.

Kisha nikagundua kuwa kanzu yangu iko shingoni.

Fundi wa miaka 14! Kwenye nguo ya binti yangu niliweka vitanzi viwili ndani, vya kufungia kanzu na kiuno cha suruali ili isipande. Kwenye yangu nilikusudia kuviweka, usingizi ukanishika, nikasahau. Alhamdulillahi suruali ilikuwa ya juu na ndani nilivaa fulana ya kitambaa kile kile, lakini wifi kwa namna alivyoacha mikoba na kuchupa na kanga, ungedhani nyumba inaungua, na goti lake lile. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nikachomoa pini mbili kwenye ushungi, nikabana kanzu na suruali kushoto na kulia, nikarudi kwenye ngazi. Nilikwenda mara sita. Mara ya mwisho sikupiga ukelele.

Adhuhuri tulibadilisha, tukatandika mkeka pembeni tukasali kwa kupunguza, kisha tukafungua chakula tulichoruhusiwa kula nje kwenye gari ya shemeji: mkate wa ufuta, katlesi za wifi na machungwa. Sijui njaa ya maji inatoka wapi. Mdogo alikula katlesi saba.

Hapo ndipo nilipoiwasha simu. Mara 17 alinipigia biharusi mmoja, na ujumbe wake wa mwisho unasema ameshapata fundi mwingine, nimrudishie arbuni yake. Nguo yake ilikuwa imebaki mikono tu na harusi ni wiki tatu mbele, lakini nilimwambia kwa mdomo kuwa nasafiri, sikumwandikia, na yeye hakukumbuka. Nikamrudishia jioni ile ile. Siwafichi, iliniuma. Pesa ile ilikuwa na kazi yake, ada za skuli. Baba watoto aliniuliza kama najuta kuja. Nikamwambia niulize mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi tulikula mchicha sana, na hakuuliza. Nguo ile ipo dukani, saizi ya kati, rangi ya samawati, anayetaka kuimalizia mikono aje tusemezane. Na sasa kila mteja namwandikia tarehe zangu za safari kwenye risiti.

Tuliporudi Unguja nikafua zile nguo mbili nikaanika uani. Mama alikuja asubuhi kuona wajukuu. Nilikuwa jikoni, nikamuona kwa dirishani amesimama kwenye kamba, anakipapasa kitambaa kwa vidole kama mtu anayetaka kununua. Akaingia, akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akavuta ungo wa mchele.

"Ile ndogo ya mjukuu wangu. Kubwa ya nani?"

"Yangu, mama."

Akachambua mchele muda mrefu. Nilijua anakofikiria, na sikumsemesha.

"Uliingia?"

"Niliingia."

"Maji yalikufika wapi?"

Nikaweka mkono kifuani. Akautazama mkono wangu pale ulipo, akatoa kijiwe kwenye mchele akakitupa nje.

"Na mtoto anataka kurudi?"

"Anataka kufundishwa kuogelea khasa. Ameshaulizia."

Mama akapepeta ungo mara mbili tatu. "Basi ile yako itie vitanzi," akasema. Wavulana walikuwa wameshamhadithia.