M23: Herufi Moja na Tarakimu Mbili

Umekwisha kujifunza kwamba neno "paa" laweza kuwa mnyama wa porini, sehemu ya juu ya nyumba, au kitendo cha kuelekea angani. Maana hutokana na muktadha. Ndivyo ilivyo pia kwa misimbo, yaani zile herufi na tarakimu fupi ambazo watu huvipa vitu ili kuvitofautisha.

Tuchukue M23. Nchini Uingereza, hiyo ni barabara kuu ipitayo karibu na uwanja wa ndege wa Gatwick, kusini ya London. Jijini New York, ni basi lipitalo Mtaa wa 23, nayo M ni ya Manhattan. Angani, ni kundi la nyota ambalo Mfaransa Charles Messier aliliona mwaka 1764. M ni ya jina lake, na 23 ni nafasi ya kundi hilo katika orodha yake. Vitu hivi havina udugu wowote.

Hapa Nakivale, makazi yanayopokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, msimbo huo una maana moja tu: kundi la waasi wa mashariki mwa Kongo. M ni ya neno la Kifaransa lenye maana ya vuguvugu. Tarakimu zinatokana na tarehe 23 Machi 2009, siku serikali ya Kongo ilipotia saini mkataba wa amani na waasi wa CNDP. Mwaka 2012 baadhi ya wapiganaji wa zamani wa CNDP walishika silaha tena, wakidai mkataba huo haukutekelezwa. Hivyo vita vikabeba tarehe ya amani.

Mimi hutoka Mbarara kuja kufundisha darasa la jioni hapa makazini. Siku moja niliandika M23 ubaoni, nikawaomba wanafunzi watunge sentensi. Kijana mmoja kutoka Rutshuru, aliyevuka mpaka wa Bunagana mwaka 2022, aliandika: "M23 ni jina ninaloitwa bombani."

Nilimwomba afafanue. "Mwalimu," akasema, "nyumbani kwetu tunazungumza Kinyarwanda. Niliwakimbia wapiganaji hao, na hapa majirani wananiita kwa jina lao."

Mwenzake wa dawati la nyuma akamuuliza kwa ukali: "Kama wewe si wao, mbona unazungumza lugha yao?"

Kijana akamgeukia. "Wao wanazungumza Kiswahili pia. Wewe unazungumza nini sasa hivi?"

Darasa likanyamaza. Yule wa nyuma hakujibu, na sikumlazimisha, kwa kuwa nilijua kwamba kwao pia nyumba ilichomwa.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutendewa kwa uadilifu, bila kubaguliwa kwa rangi, dini, jinsia, utaifa wala kabila. Lakini sheria haipangi foleni bombani. Wanaopanga foleni ni majirani. Mama akiogopa kumtuma mtoto maji kwa sababu ya jina analobandikwa, haki iliyoandikwa haijamfikia.

Hapo ndipo sarufi inapotufaa. Tunasema "mpiganaji wa M23" na "mzungumzaji wa Kinyarwanda". Kihusishi "wa" kinaonekana kilekile, lakini cha kwanza kinaeleza jambo ambalo mtu analitenda, na cha pili kinaeleza lugha aliyoikuta kwa mama yake. Anayeyachanganya haya mawili amekosea lugha, na amemdhulumu mtu.

Zoezi: tafuta msimbo au jina fupi ambalo watu wa mtaa wako hulitumia kumtaja mtu au jamii fulani. Andika aya moja ueleze limetoka wapi, ni nani wanaolitumia, na yule anayeitwa hivyo angependa aitweje. Swali hilo la mwisho usilijibu wewe; nenda ukamuulize mwenyewe.