Mjumbe wa Malindi na Vijana wa Jilore

Jilore iko kando ya Mto Sabaki, bara kidogo ya Malindi, katika nchi ya Wagiriama. Mto huo, ambao huko juu huitwa Athi kisha Galana, huteremsha udongo mwekundu hadi baharini, na wakati wa mvua bahari ya Malindi hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Wageni wa hotelini hulalamika kwamba maji ni machafu. Maskini, hawajui kwamba ule ni udongo wa mashamba ya watu uliotangulia safarini wenyewe wakabaki nyumbani.

Siku hizi wenyewe pia husafiri kwa namna yao. Tangu mikongo ya intaneti ya chini ya bahari ilipofika Mombasa mwaka 2009, na hasa tangu serikali ilipoanzisha mpango wa Ajira Dijitali mwaka 2016, kijana aliyeketi chini ya mwembe akiwa na simu na kompyuta iliyokwishatumika anaweza kuajiriwa na mtu aliye Lisbon au Berlin. Huandika kwa maneno yaliyonaswa katika sauti, au hutia alama kwenye picha za barabara ili mashine zijifunze kutambua gari na mtu. Yamkini anaijua njia panda fulani ya Ulaya kuliko anavyoijua stendi ya Malindi, ilhali hajakanyaga huko.

Lakini kazi ya mbali si jambo geni katika pwani hii. Januari 1499, Vasco da Gama aliporejea kutoka Bara Hindi, mabaharia wake wakiwa wamedhoofika kwa maradhi, alitia nanga Malindi kwa siku tano. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na uhasama na Mombasa na aliyetafuta rafiki mwenye mizinga, alimpa pembe ya ndovu ampelekee mfalme wa Ureno. Alimpa pia mtu: kijana Mwislamu wa kwenda Ureno kuthibitisha kwamba bwana wake anataka urafiki. Shajara ya safari hiyo, iliyoandikwa na mmoja wa Wareno, inamtaja kijana huyo kwa sentensi chache tu. Jina lake halimo. Machungwa na kuku waliopelekwa chomboni wametajwa, ila yeye hana jina.

Kituo chake nacho kinastahili kutazamwa. Desemba 1496 Mfalme Manuel alikuwa ametoa amri Wayahudi na Waislamu waondoke Ureno, na mwaka uliofuata muhula wao ukaisha. Hivyo basi mwana wa Malindi alikuwa anapelekwa kama rafiki katika mji ambao watu wa dini yake walikuwa wamefukuzwa muda usiotimia miaka mitatu. Mtaa wa Mouraria ulibaki na jina la Waislamu pasipo Waislamu wenyewe. Alfama, mtaa wa mteremkoni chini ya ngome, ulibaki na jina la Kiarabu lenye maana ya chemchemi ya maji moto. Je, mtu aliyezoea adhana ya Malindi aliposikia jina hilo midomoni mwa Wareno alijisikia nyumbani, au alijisikia kama mtu anayeonyeshwa nguo za marehemu? Nguzo ya Wareno ingali imesimama Malindi na watalii hupigwa picha hapo. Lisbon ya mwaka 1499 haipo tena, kwani tetemeko la mwaka 1755 lilibomoa sehemu kubwa ya mji.

Waswahili waliofuata walikuwa na bahati ya kalamu. Amur bin Nasur kutoka Unguja alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia mwaka 1891 hadi 1895, na habari alizoandika za maisha yake na za mji huo zilichapishwa na Büttner mwaka 1894. Selim bin Abakari alisimulia kwa Kiswahili safari yake ya Urusi na Siberia, ikatoka katika kitabu cha Velten mwaka 1901. Hawa si waigizaji wa fasihi ya Wazungu. Ni watu wa pwani wanaoitazama Ulaya na kuitolea hukumu kwa msamiati wa kwao, na inashangaza kwamba mitaala mingi huwapita kama vile hawakuwahi kuandika.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliwazidi kwa umaarufu na kwa masaibu. Alianza kufundisha Berlin mwaka 1900, na Desturi za Wasuaheli ikachapishwa mwaka 1903. Mwaka uliofuata alioa mwanamke Mjerumani. Waliposafiri pamoja hadi Dar es Salaam mwaka 1905, wakuu wa koloni waliwazuia kushuka. Aliyekuwa amewafundisha maofisa lugha ya kutawalia nchi yake aliiona nchi hiyo kutoka melini, akarudishwa. Alifia Berlin mwaka 1927.

Mlango huo haujafunguka kwa wote. Oktoba 2022 Ureno ilianza kutoa viza kwa wafanyakazi wa mbali, kwa sharti kwamba mwombaji awe na mapato yasiyopungua mara nne ya mshahara wa chini wa nchi hiyo. Kenya nayo ilitangaza kibali cha namna hiyo mwaka 2024. Kwa hiyo Mtaliano anaweza kufungua kompyuta yake Malindi, akanywa kahawa huku akifanya kazi ya Milano. Kijana wa Jilore anayelipwa kwa kila dakika ya sauti hukokotoa hesabu ya mara nne, akacheka, akarudi kwenye vipaza sauti vyake vya masikioni. Humo mtu wa Lisbon anazungumza, na nyuma yake tramu inapita. Kijana huirudisha nyuma sauti hiyo asikilize tena, kwa kuwa hakulipata neno. Ujira wa kusikiliza mara ya pili haupo.