Ukingo wa Masika, Ukingo wa Kiangazi

Kazi ya mwanazuoni wa sheria za mazingira, kama nilivyoifanya mimi, kwa sehemu kubwa ni kukaa na neno moja mpaka likubali kusema maana yake. Neno nililokaa nalo muda mrefu kuliko yote ni ukingo.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kudhuru uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Darasani kifungu hicho hufundishika kwa dakika kumi. Huku Kasulu na Kibondo, ambako vijito vya Malagarasi vinashuka kutoka milimani, mto hauna mazoea ya kukaa mahali pamoja. Masika maji hulitandaza bonde lote. Kiangazi hurudi nyuma, na watu huyafuata kwa jembe, wakipanda maharage na mboga kwenye unyevu uliobaki.

Bibi mmoja aliniuliza: “Mwanangu, hizo mita unaanzia kwenye maji ya masika au ya kiangazi?”

Kifungu hakitaji masika wala kiangazi. Ukianzia masika, bustani yake yote imo ndani ya katazo. Ukianzia kiangazi, nusu yake inapona. Kwa hoja ya mto, ningesema masika. Kwa hoja ya chungu kilicho jikoni mwake, siwezi kulisema hilo nikiwa nimesimama mbele yake. Na mvua zinapochelewa au kuzidi, ukingo wenyewe unahama (hapo ndipo tabianchi inapoingia kortini bila kubisha hodi).

Sheria ile iliandikwa kwa Kiingereza, na neno lake lina sura ya mito ya kwingine: gema huku, gema kule, maji katikati. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, nami nililipokea jambo hilo kwa furaha, maana sasa swali la bibi linaweza kuulizwa kwa maneno yake mwenyewe. Lakini tukitafsiri “ukingo” tu, tumehamisha neno na kuliacha bonde.

Nimependekeza “ukomo wa maji ya masika ya kawaida”, pamoja na ruhusa ya bustani za kiangazi. Mwenzangu mtafsiri anasema ni maneno mengi mno. Enyi mnaopima mizani, nipeni fupi zaidi.